Kompyuta Iliyonyamaza Baada ya Uhamisho

Askari yeyote aliyetumikia kwa muda wa kutosha anajua kwamba nyumba anayokaa si yake. Leo yuko Jinja, kesho amri ya uhamisho inafika, na mkewe huanza kufunga vyombo kabla yeye hajamaliza kuisoma. Zamani mzigo wa askari ulikuwa godoro, sanduku la bati, sufuria na redio. Siku hizi katika kota nyingi utakuta pia kompyuta ya mezani, ile ya sanduku kubwa na kioo chake mbali, ambayo watoto huisomea na baba huhifadhi ndani yake kila karatasi anayoiona kuwa ya maana. Hupakiwa loriyani pamoja na viti, hushushwa, hupanguswa vumbi na kuwashwa. Mara nyingi mno haiwaki.

Jambo hilo lilinifika mimi mwenyewe, ijapokuwa kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu wa siku nyingi, sajini, ambaye aliaga dunia kwa maradhi. Mjane wake, ambaye mimi humwita shemeji, alitakiwa kuhama kota na kurudi kwao katika wilaya ya Serere. Mimi ndiye niliyesimamia upakiaji wa lori kule Jinja, na kwa mkono wangu mwenyewe nilichomoa nyaya za mashine ile nikazifunga kwa kamba moja kama kuni. Tulipita Mbale na Kumi, kisha tukaiacha lami na kuingia barabara ya murram yenye mashimo. Tulishusha mizigo jioni ya siku ya Alhamisi, nikaagana nao, nikarudi kazini.

Jumamosi usiku simu ikalia. Alikuwa shemeji, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema, “Afande, mashine ya marehemu imekufa, na Jumatatu ninaitwa barazani.”

Hapo ndipo nilipoelezwa shida yenyewe. Marehemu alikuwa amenunua kipande cha shamba kando ya lile la ukoo. Baada ya mazishi ndugu zake wakaanza kusema kwamba shamba lile ni la ukoo wote. Hati ya mauziano, yenye saini za mashahidi na alama ya kidole gumba ya muuzaji, haikuonekana katika sanduku la bati wala penginepo. Lakini kijana wake mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alikumbuka kwamba baba yake aliipiga picha hati ile na kuiweka ndani ya kompyuta. Kompyuta ndiyo hiyo iliyokataa kuwaka. Fundi mmoja wa sokoni alikuwa amekwisha kuitazama, akatoa hukumu kwamba diski imekufa kwa kutikiswa na lori. Akajitolea kuichukua aisafishe na kuiwekea programu upya, au ainunue kama chuma chakavu.

Nilimwomba shemeji jambo moja tu: mashine isitoke nyumbani. Alfajiri ya Jumapili nilikuwa njiani.

ANZA NA YALIYO NJE

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba bunduki ikikwama askari haitupi wala haifungui yote vipande vipande. Anafuata hatua, moja baada ya nyingine, akianza na ile iliyo rahisi. Mashine hii nayo yataka utaratibu huo huo, na kosa la watu wengi ni kukimbilia bisibisi kabla ya kutazama ukutani.

Kijana alikuwa ameanza vizuri kuliko fundi. Siku ya Ijumaa, alipobonyeza kitufe pasionekane hata taa moja, alijaribu kwanza soketi kwa kuchomeka taa ya mezani. Kisha akatazama plagi ya meno matatu, ambayo ndani yake mna fyuzi, na fyuzi hukatika. Mwishowe akagundua kwamba nyuma ya sanduku, karibu na mahali pa kuchomeka waya wa umeme, pana swichi ndogo yenye alama ya mstari na alama ya duara. Ilikuwa imelala upande wa duara, maana yake imezimwa. Nakiri kwamba aliyeizima ni mimi, kule Jinja, wala sikumwambia mtu.

Baadhi ya mashine za zamani zina swichi nyingine hapo hapo, aghalabu nyekundu, iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Mwenye mashine kama hiyo na aisome kabla ya kuchomeka chochote. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 240. Kompyuta zilizotumika Marekani hufika zikiwa zimewekwa kwenye 115, na pia swichi hiyo yaweza kusogezwa na mkono au gunia wakati wa kupakia. Ukiwasha ikiwa katika 115, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na sanduku la umeme litakuwa limekwisha. Mashine ya marehemu haikuwa na swichi hiyo. Yake hupokea volti kuanzia 100 hadi 240 bila kuulizwa.

Nilipofika Jumapili, mafeni yalizunguka na taa iliwaka, lakini kioo kilikuwa cheusi na mashine ililia mlio mfupi uliorudiarudia. Hali hiyo haikuwapo Ijumaa. Kijana alinieleza kwamba fundi alifungua sanduku akatoa vitu na kuvirudisha.

Kilio cha namna hiyo ni taarifa. Kompyuta ikishindwa kuona baadhi ya viungo vyake kabla kioo hakijaamka, hulia kwa idadi na urefu maalumu wa milio, na kila mtengenezaji ana mpango wake wa kuhesabu. Mara nyingi mlio unaorudiarudia baada ya mashine kufunguliwa au kutikiswa huhusu vijiti vya kumbukumbu, yaani vile vibao virefu vyembamba vilivyosimama katika mifereji ya ubao mama. Kijiti kikiinuka upande mmoja hata kwa kiasi cha unene wa ukucha, mashine haikioni.

Nilichomoa waya wa umeme ukutani. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishika kwa muda, ili umeme uliobaki ndani umalizike. Nikagusa chuma kitupu cha sanduku, kwa sababu mwili wa binadamu hubeba chaji ambayo yeye haisikii lakini yaweza kuunguza vifaa hivi. Nikatoa vijiti viwili, nikafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikavirudisha kwa kukandamiza ncha zote mbili mpaka vishikizo vya pembeni vikalia “ta”. Mlio ukakoma.

Kioo bado kikawa cheusi! Hapa nilipoteza karibu nusu saa kwa ujinga. Nyuma ya mashine palikuwa na matundu mawili yanayofanana ya kuchomeka waya wa kioo: moja juu, la ubao mama wenyewe, na jingine chini, la kadi ya picha iliyoongezwa. Pakiwapo kadi kama hiyo, mara nyingi tundu la juu huzimwa. Mtu mwenye kuchomeka kwa haraka huchagua lile la juu kwa kuwa linaonekana kwanza. Tuliuhamisha waya chini, na picha ikatokea. Lau ningalipiga picha nyaya zile kwa simu kabla ya kuzichomoa kule Jinja, nisingalipoteza nusu saa hiyo.

JE, DISKI ILIKUWA IMEKUFA?

Sasa tulifikia lile alilokutana nalo fundi. Maandishi meupe yalitokea kwanza, yakisema kwamba tarehe na mipango imepotea, na kwamba tubonyeze kitufe fulani ili tuendelee. Tulipobonyeza, ikaonekana alama ya Windows 7, ile iliyotoka mwaka 2009 na ambayo matengenezo yake rasmi kwa watumiaji wa nyumbani yalikoma mwezi Januari 2020. Kisha kioo kikageuka buluu kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mashine ikaanza upya. Ikawa hivyo mara ya pili na ya tatu.

Fundi alikuwa ameiona rangi hiyo ya buluu na kutoa hukumu. Simlaumu sana, maana diski za aina ile huogopa mtikisiko kwa haki. Ndani yake mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu ya kila sahani huelea kichwa cha kusomea, kikitenganishwa nayo na nafasi ndogo kuliko chembe ya moshi. Diski ikianguka wakati inazunguka, kichwa hugonga sahani na kukwaruza yaliyoandikwa. Lakini ikizimwa, vichwa huegeshwa mahali salama, na ndiyo sababu huweza kusafirishwa. Katika mwaka 1956, kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta ya kwanza yenye diski, diski hiyo ilikuwa na sahani 50 na uzito uliozidi tani moja, na ilibeba herufi zipatazo milioni 5 tu. Tangu hapo zimesafirishwa kwa lori, meli na ndege.

Nilijiuliza: ikiwa diski imekufa, ile alama ya Windows imetoka wapi? Programu hiyo haikai mahali pengine ila ndani ya diski. Tukasikiliza kwa makini, sikio likiwa karibu na sanduku. Hapakuwa na mlio wa “tak, tak, tak” ambao diski iliyoumia hutoa. Kama ungekuwapo, ningezima papo hapo na kutafuta mtaalamu wa kuokoa kumbukumbu, kwa sababu kila mara diski iliyoumia inapowashwa huzidi kujikwaruza.

Tuliingia katika bayosi, ile programu ndogo iliyomo ndani ya ubao mama, ambayo huamka kabla ya nyingine zote. Huingiwa kwa kubonyeza kitufe fulani cha kibodi mara tu baada ya kuwasha, na maandishi ya mwanzo hukitaja. Humo tulikuta orodha ya vifaa, na diski ikiwemo, kwa jina lake na ukubwa wake. Kijana akapiga makofi. Mimi nilitazama pembe ya kioo na kuona tarehe: tarehe 1 Januari, mwaka 2009.

BETRI YA SAA

Ndani ya kila kompyuta ya namna hii mna betri ya duara, bapa kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni ndogo: kuiendesha saa ya mashine na kuhifadhi mipango ya bayosi wakati umeme haupo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa nayo, na mtu aliiambia tarehe kila alipoiwasha. Ilikuwa aina ya AT ya mwaka 1984 iliyoleta saa yenye betri, na tangu hapo desturi hiyo imeendelea.

Betri hizo huchakaa baada ya miaka kadhaa, tena kimyakimya. Maadamu waya umechomekwa ukutani, sanduku la umeme hutoa mkondo mdogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na mkondo huo huitunza saa badala ya betri. Kule Jinja mashine ya marehemu ilikaa mahali pamoja kwa miaka, nayo iliunganishwa na kisanduku cha akiba ya umeme, kwa hiyo hata umeme wa mtaa ulipokatika saa yake haikusimama. Betri ilikuwa imekwisha zamani bila mtu kujua. Ikaja siku ya uhamisho, nikachomoa waya, na ndani ya lori, mahali fulani kati ya Jinja na Serere, mashine ikasahau kila ilichoambiwa na bwana wake.

Lori halikuivunja. Laiti ingalibebwa kwa machela, ingalifanya vivyo hivyo.

Kusahau tarehe si msiba. Msiba ni kwamba bayosi ikisahau hurudia mipango ya kiwandani, na mmoja wa mipango hiyo huamua ni kwa lugha gani ubao mama utazungumza na diski. Katika mashine nyingi za miaka ile zipo mbili, ya zamani iitwayo IDE na ya baadaye iitwayo AHCI. Windows 7 ikiwekwa katika mashine kwa mpango wa pili, kisha siku moja ikaamshwa kwa mpango wa kwanza, huweza kushindwa kuifikia diski yake yenyewe, na hapo ndipo hutoa kioo cha buluu chenye alama zinazomalizika kwa 7B. Faili zote zimo, salama, ila mlango umebadilishiwa kufuli.

Niliandika katika daftari mipango yote kama tulivyoikuta, maana mtu asiyeandika mahali alipoanzia hawezi kurudi. Mstari wa diski ulisema IDE. Tuliugeuza kuwa AHCI, tukahifadhi, tukawasha. Jaribio hili halifuti kitu. Lisipofaulu, unarudisha kama ilivyokuwa. Alama ya Windows ikatokea, ikakaa. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ina unga. Kisha ikatokea picha ya marehemu mwenyewe, amevaa sare, amembeba mtoto wao wa mwisho siku chache baada ya kuzaliwa. Hatukusema kitu kwa muda.

Ile “kusafisha na kuweka programu upya” aliyoipendekeza fundi ingaliiwasha mashine pia. Ingaliiwasha tupu. Nawaomba wenzangu walikumbuke neno hilo, kwa kuwa hutamkwa madukani kana kwamba ni kufua shati: waulize kwanza itakuwaje kwa yale yaliyomo.

Kabla ya kutafuta hati tulinakili makabrasha yote ya marehemu katika flashi mbili, moja ya shemeji na moja ya kijana. Hati tuliikuta katika kabrasha lililopewa jina la kijiji. Picha ilikuwa na kivuli upande mmoja, lakini majina manne ya mashahidi yalisomeka, na wawili kati yao wangali hai.

Kijana alitaka kuhakikisha. Alizima, akachomoa waya, tukangoja kidogo, akawasha. Tarehe ikarudi 2009, na kioo cha buluu kikarudi pamoja nayo. Tukaazima kipimo cha umeme kwa jirani atengenezaye simu. Betri ilisoma volti 1 na kidogo. Mtengeneza saa wa sokoni alikuwa na mpya. Ya zamani ilitoka kwa kusukumwa kishikizo chake kwa ncha ya kalamu, mpya ikaingia, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Tukaiandikia tarehe na mpango wa AHCI kwa mara ya mwisho.

NILIVYOPASWA KUPAKIA

Nimekwisha kutaja picha ya nyaya na ile swichi ya nyuma. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kuisimamisha mashine nyuma ya lori, kati ya kabati na gunia la mahindi. Sanduku husafiri vyema likilazwa ubavu, ubao mama ukiwa chini, ili lile pande la chuma la kupoza lililofungwa juu yake lisimame wima badala ya kuning’inia na kuvuta skrubu kila gurudumu liingiapo shimoni. Blanketi chini, kiti cha mbele karibu na dereva, na kadi nzito ya picha itolewe na kufungwa peke yake. Kioo kisimame wima, uso wake ukielekea kitu laini. Kijana alinionyesha kadi ile ya picha: skrubu yake moja ilikuwa imelegea kabisa, nasi tuliikaza.

Wale wanaohama kutoka nyanda za baridi kama Kabale na kushuka sehemu za joto na unyevu wasiwashe mara wafikapo. Chuma baridi hukusanya unyevu kama chupa ya soda iliyotoka barafuni. Mashine iachwe saa kadhaa ipate joto la nyumba.

Kitu kimoja ambacho mtu asikiguse kamwe ni ndani ya sanduku la umeme lenyewe. Lina vifaa vinavyoshika umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Likiharibika, libadilishwe zima.

Jumatatu asubuhi duka la picha la sokoni lilichapa hati nakala tatu. Shemeji alikwenda barazani pamoja na wale mashahidi wawili, mmoja akiwa ameketi nyuma ya baiskeli ya mjukuu wake. Mwenyekiti aliisoma hati kwa sauti, akawauliza mashahidi kama saini ni zao, nao wakakubali. Shauri halikumalizika siku hiyo, kwa sababu mkubwa wa ndugu za marehemu aliomba muda wa kwenda kupima mipaka, naye akapewa wiki mbili. Hakuna aliyesema tena kwamba shamba halikununuliwa.

Nami nilirudi Jinja na betri ile kuukuu katika mfuko wa shati. Sikuiacha mezani kwa kuwa mtoto yule wa katika picha sasa ana miaka miwili, na betri za namna hiyo, hata zikiwa zimechoka, zikikwama katika umio la mtoto huuunguza ndani ya saa mbili.